Paka Niliyesingiziwa Matrah

Watu wa mtaa wetu wa Matrah walinijua kwa jambo moja, na jambo lenyewe halikuwa la kweli. Nilijulikana kuwa ni yule mke wa karani, aliyetoka Unguja, anayehangaika na paka. Nikipita sokoni na buibui langu, wanawake waliniuliza hali ya mgonjwa kabla ya kuniuliza hali ya mume wangu. Paka hakuwa wangu. Alikuwa wa mama mkwe wangu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa tayari kuapa mbele ya kadhi kwamba yeye hana paka.

Tulifika Maskati kiasi cha mwaka mmoja baada ya mapinduzi ya Unguja, mimi, mume wangu na mamake. Mume wangu alipata kazi ya ukarani katika bohari la mfanyabiashara mmoja pale bandarini Matrah, nasi tukapanga nyumba ndogo ya mawe na udongo, yenye uwa wa kupikia na paa ambalo huko ni sakafu tupu ya kuanikia nguo na kulalia wakati wa joto. Tulikuja na masanduku machache. Mkwe wangu, juu ya masanduku, alikuja na msimamo: hatofuga tena kitu chochote kinachopumua. Unguja aliacha mbuzi, bata, na paka ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujua idadi yao. Asubuhi tuliyotoka, paka hao walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa uwani wakimtazama akifunga mlango. Hakugeuka nyuma, na hakupata kuwataja.

Basi huyu wa Matrah alikuja mwenyewe. Alikuwa jike la rangi ya jivu, sikio moja limekatika ncha, mwembamba kama kamba ya kuanikia. Alikaa kwenye pembe ya uwa akatutazama tunavyoparua samaki. Mkwe wangu alimpungia ufagio akasema huyu si wetu, huyu ni wa njia. Kisha kichwa cha samaki kikamponyoka mkononi kikaenda kuanguka karibu kabisa na paka.

"Mkono umeniteleza," alisema.

Mkono ule ulikuwa ukidarizi kofia tangu usichana wake na haukuwahi kuteleza kwenye tundu hata moja. Lakini tangu siku hiyo uliteleza kila mchana, wakati ule ule na mahali pale pale. Siku za jodari uliteleza na minofu. Mume wangu alipouliza kwa upole kama mama hana haja ya kumwona daktari wa viungo, aliambiwa ale anyamaze. Jina hakumpa. Alisema akimpa jina atakuwa wake, na yeye hana paka. Alimwita "huyu", na paka akawa anaitika kwa "huyu".

Siku moja mchana nilikuwa nakanda unga, mkwe wangu akaja mlangoni, uso umemsawijika.

"Yule paka wako ameanguka," alisema.

Kwa neno hilo moja, "wako", nikawa nimekabidhiwa. Paka alikuwa akiwinda njiwa juu ya paa, akakosa ukingo, akaangukia mawe ya uchochoroni. Alikuwa akijivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma haimfuati. Tulimtia ndani ya kikapu cha ukindu juu ya kipande cha kanga. Nilipoitazama kanga niliona ni ile nzuri ya mkwe wangu, aliyoiweka kwa ajili ya Idi.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alicheka. Alisema katika mji huu mtu mwenyewe akiumwa hungoja mpaka anakaribia kupona ndipo amwone daktari, sasa daktari wa paka tutamtoa wapi. Mamake alimjibu kwamba ni mkewe ndiye anayetaka, na mwanamme anayemnyima mkewe jambo dogo kama hili atafute wa kumpikia. Mimi sikuwa nimesema neno. Nilikuwa bado na unga mikononi.

Tukaanza kuulizia. Kila tuliyemuuliza alisema hakuna. Mwenye ngamia anajua ngamia, mwenye mbuzi anamchinja kabla hajafa, na paka ni paka. Hatimaye mchukuzi mmoja wa bohari alimwambia mume wangu kwamba kule Ruwi kuna mtu anayetibu ngamia wa watu wa bara, na kwamba mkono wake ni mzuri. Ruwi ya siku hizo ilikuwa mitende, vumbi na kambi ya askari. Hakuna aliyekwenda bila ya haja. Lori la bohari lilikuwa likipeleka mizigo upande huo, tukapanda mbele kwa dereva, kikapu kikiwa mapajani kwangu. Mkwe wangu alibaki. Alisema yeye hana shughuli na mambo ya paka, na akatufungia mkate wa kumimina wa njiani, na samaki wa kuchemsha ndani ya kijibati, asiyetiwa chumvi. Sikuwa na haja ya kuuliza samaki ni wa nani.

Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha chuoni. Kilinitosha kuswalia, hakikunitosha kununulia vitunguu. Jirani mmoja alikuwa amenifundisha kwamba paka ni *bissa*, nami nikalishika neno njia nzima. Tulipofika, mtu wa ngamia alikuwa amechutama kivulini, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, na mume wangu akanisukuma mbele kwa kuwa paka ni wangu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba *bissa* yangu imevunjika. Yule mzee akanitazama kwa huruma, akafungua kifuko mkandani mwake, akatoa *besa*, sarafu yao ndogo kuliko zote, akaniwekea kiganjani, nzima, badala ya iliyovunjika. Mume wangu alicheka mpaka akashika mlango wa lori asianguke. Ikabidi nifunue kikapu.

"*Sannur*," alisema mzee, na uso ukamkunjika. Kwa Kiarabu cha Oman paka ni *sannur*. Neno hilo sikupata kulisahau tena.

Alitufanyia ihsani akamtazama. Aliuliza bei ya mnyama, tukasema hana bei. Aliuliza anabeba nini, tukasema habebi kitu. Alifikiri, kisha akasema dawa ni moja kwa wote, ngamia na binadamu: chuma cha moto nyongani, mara moja, na Mungu ndiye mponyaji. Tukamshukuru, nikamrudishia besa yake, tukapanda lori.

Nyumbani mkwe wangu alikuwa akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilipomweleza habari ya chuma cha moto aliweka ufagio.

"Akimchoma, na mie ntamchoma yeye," alisema, kisha akajikumbuka. "Kwa ajili yako nnasema. Usije ukahuzunika."

Kesho yake alinipeleka hospitali. Ninasema alinipeleka kwa sababu yeye ndiye aliyeniamsha, akanivisha buibui, akanipa kikapu na kuniambia nikae foleni kama watu wengine, nisiseme nimebeba nini mpaka nifike mbele. Nilikaa katikati ya wanawake na watoto wenye homa. Nilipokaribia kufika, kikapu kikalia. Wanawake wa pande zote mbili walisogea. Muuguzi wa Kihindi alikuja, akainua kifuniko, akacheka hadi akakaa kwenye benchi pembeni yangu. Aliniambia wanyama hawaruhusiwi kuingia, na nisihuzunike, lakini yuko mzee mmoja wa kwao, anauza dawa kichochoro cha nyuma ya soko, ambaye ujanani mwake alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya farasi wa jeshi huko India. Akaniambia nimfikie kwa adabu kwa sababu ana majivuno.

Habari ya kikapu kilicholia hospitali ilifika mtaani kabla yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuitwa mama wa paka.

Safari ya kwa mzee wa farasi mkwe wangu alikuja, kunisindikiza tu, alisema, kwa kuwa mwanamke mdogo hendi kwa mwanamme mgeni peke yake. Duka lilikuwa jembamba, linanuka karafuu na spiriti. Mzee alikuwa mrefu, amenyooka kama bado anakaguliwa, miwani imefungwa kwa uzi. Alizungumza Kiarabu kibovu kama changu, na pale kilipokwama mkwe wangu alimdakia kwa Kihindi chake cha madukani alichojifunza Unguja. Mzee hakuficha kwamba maisha yalikuwa yamemshusha. Kutoka farasi alikuwa ameteremka akauza dawa za binadamu, ambao, alisema, humdanganya mganga kuhusu walichokula. Farasi hadanganyi. Sasa ameletewa paka. Alivuta pumzi, akanawa mikono yake kwa sabuni mpaka vifundoni, akamtoa paka kikapuni.

Sijaona mikono mizito ikienda polepole namna ile. Alimpapasa uti, nyonga, akamfinya vidole vya miguu ya nyuma, na paka akavuta mguu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uti ni mzima, alisema. Mfupa wa nyonga ndio uliopasuka, na hapo hakuna bandeji inayoshika. Dawa ni kumfunga ndani ya sanduku asiweze kuruka, wiki nyingi, mpaka mfupa ujishike wenyewe, na kila siku kumsafisha na kuhakikisha amekojoa. Asipokojoa atakufa.

Kisha akanigeukia na kuanza kuniuliza. Ana umri gani? Sikujua. Amezaa mara ngapi? Sikujua. Anakula nini asubuhi? Nilisema samaki. Nyuma yangu kwenye benchi mkwe wangu alikohoa. Nikasema hapana, asubuhi ni maziwa. Alikunywa maji lini mara ya mwisho? Nikasikia kikohozi tena na mnong'ono, "Alfajiri," nikasema alfajiri. Mzee alivua miwani. Alisema huko jeshini kila farasi alikuwa na fungu lake la matibabu lililotengwa siku aliyoingia zizini, kabla hajaugua, na mtunzaji asiyejua farasi wake amekunywa lini alifukuzwa kazi. Mimi nimetenga nini kwa ajili ya mnyama huyu? Kutakuwa na maziwa, mafuta ya vidonda, na yeye mwenyewe atakuja kumkagua, naye haji bure. Nilisema sijatenga kitu. Akasema basi, kwa mwenye mnyama wa namna hii, heri paka apewe matone ya dawa alale asiamke, kwa sababu kazi ya sanduku inataka subira na msichana huyu hana hata habari.

Mkwe wangu alisimama.

"Mwache mtoto wa watu," alisema. "Paka ni wangu."

Mzee alivaa miwani yake, akamtazama, kisha akaanza maswali yake upya tangu la kwanza, na mkwe wangu akayajibu yote. Alijua umri wa paka kwa meno yake. Alijua amezaa mara mbili, mara ya pili kwenye ghala la jirani. Alijua hapendi dagaa, na kwamba sikio, kama alivyouliza kwa majirani, lilimkatika kwenye ugomvi na paka mweusi wa msikitini, na nani alianza. Mzee alisikiliza kwa heshima ambayo mimi sikuipata. Alipomaliza alisema vizuri, huyu ataishi.

Njiani mkwe wangu alikwenda mbele yangu. Tulipofika mahali pasipo na watu alipunguza mwendo.

"Watu wamezika watoto wao," alisema. "Huyo jirani yetu hapo hajui mpaka leo mumewe yuko wapi, yuko hai au hayuko. Mie nije nionekane nnalilia paka?"

Nilimwambia hakuna ambaye angemlaumu. Alisema mimi ni mdogo, sijui watu. Kisha akasema wale wa juu ya ukuta, Unguja, watakuwa wamekula, mji ule haukosi samaki. Akarudia tena kwamba watakuwa wamekula. Akaninyang'anya kikapu, akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Paka akatiwa ndani ya sanduku la mbao la majani ya chai lililotoka bohari, juu pamefunikwa wavu wa samaki. Na mkwe wangu, ambaye neno la fungu lilikuwa limemkaa moyoni, alitangaza mpango wake siku ya Ijumaa tukila. Tulikuwa na kuku wachache uwani, wa mayai tu, ambao yeye hakuwahesabu kuwa ni kufuga. Alisema tangu leo kuku mwekundu ni wa paka. Mayai yake yatauzwa kwa majirani na kinachopatikana kitaingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga ulio rafuni, na mkebe huo ni wa matibabu, hauguswi kwa sukari wala kwa mafuta ya taa.

Mume wangu aliuliza kama paka atawajibika kumlisha kuku huyo. Mamake alimwambia chakula cha kuku kinatoka kwenye mshahara, kama chake yeye.

Nyumba ikapata sheria. Mume wangu akitaka yai la asubuhi aliulizwa ni la kuku gani. Mwekundu alikuwa ndiye anayetaga kuliko wote, bila shaka ndiyo maana alichaguliwa, na zikawa siku ambazo yai pekee nyumbani lilikuwa lake. Siku hizo mume wangu alilinunua. Alitia pesa mkebeni mbele ya mamake, akalila yai lake kimya, na paka akamtazama kutoka kwenye sanduku. Joto lilipokuja mwekundu akaacha kutaga, akateuliwa kuku wa pili, na mweupe juu yake kwa tahadhari. Mwisho wa kiangazi ilikuwa wazi kwamba kuku wote walikuwa wa paka, na sisi tulikuwa wateja wake.

Mzee wa farasi alikuja kila Jumamosi. Alilipwa kutoka mkebeni, na alipotaka kuondoka mkwe wangu alimwekea visheti, naye akikataa mara mbili kabla ya kuvifunga kwenye leso. Walibishana sana. Yeye alisema paka amenona kupita kiasi kwa mgonjwa, na mkwe wangu alisema farasi hakumfundisha kitu kuhusu paka. Lakini kila alichoagiza kilifanywa. Nilimwona mwanamke huyo, ambaye hakuniruhusu kugusa birika lake, akipiga magoti mbele ya sanduku kwa kitambaa na maji ya moto, asubuhi na jioni, bila kukunja uso.

Jirani yule ambaye mumewe hakujulikana alipo alikuja siku moja kununua mayai. Alikuwa mwenzetu wa Unguja, mwanamke wa maneno machache. Mkwe wangu alijaribu kusimama mbele ya sanduku alifiche kwa mwili wake, lakini paka alilia. Jirani alizunguka, akachutama, akatia kidole kwenye wavu. Hakusema lolote juu ya watu na wanyama. Aliuliza kama anaweza kuja kesho. Akawa anakuja kila alasiri baada ya sala, anakaa kwenye kigoda kando ya sanduku, wakati mwingine saa nzima. Mimi na mkwe wangu tuliendelea na kazi zetu. Siku moja tukamsikia akimsimulia paka habari za nyumba yake ya Unguja, milango yake, nani alikaa wapi. Mkwe wangu alizima jiko lililokuwa likivuma ili asimkatishe.

Alipotolewa sandukuni paka alitembea. Aliyumba nyonga, akienda kwa madaha kama mwanamke mwenye kanga mpya, na hakupanda tena paa. Mtaa mzima ulikuja kumwona. Mkwe wangu sasa hakuficha kitu. Alimwambia kila mgeni kwamba paka ni wake, gharama ni zake, na mimi sihusiki. Hakuna aliyemsadiki. Walimsifu kwa moyo wake mzuri, mama mkwe anayejitwika wazimu wa mkwewe ili kumfichia aibu. Yeye alizipokea sifa hizo bila kuzipinga sana.

Mzee alikuwa ametuonya paka asizae, kwa sababu njia ya nyonga ilikuwa imebana. Paka hakushauriana nasi. Zilipobaki siku chache azae mkwe wangu alikuwa hali vizuri, na siku yenyewe pesa zote za mkebe zilimwagwa mkekani, mzee akaitwa akakaa kwetu kutoka asubuhi mpaka alasiri, mikono imekunjwa, akinywa chai na kumtaka kila mtu apunguze kelele. Alitoka mtoto mmoja tu, baada ya kazi kubwa na mafuta mengi, rangi ya jivu kama mamake, kichwa kikubwa, wa sura mbaya kwelikweli. Mkwe wangu alilia waziwazi, mlango uko wazi.

Kitoto kilipofunguka macho, jirani yetu alikiomba. Mkwe wangu alimwuliza kwanza atamlisha nini, na kama ameshatenga kuku. Jirani alisema anaye mmoja, mweusi. Basi wakajifunika mabuibui yao, wakaenda sokoni kwa mzee wa farasi ili kitoto kikaguliwe kabla ya kuugua, wakibishana njiani ni nani atakayebeba kikapu.